Kinyozi na Kampuni Mbili

Kinyozi hakuwa kinyozi. Alikuwa dereva wa malori kwa miaka kumi na tisa, na jina hilo lilimganda kwa sababu zamani, kabla hajashika usukani, aliwahi kunyoa watu kwenye kibanda cha kaka yake kwa muda usiotimia mwaka. Madereva wakishajua jambo la namna hiyo hawaliachi. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika. Siku za amani alimwita Baba Bibi.

Bibi alikuwa binti yao wa pekee, wa miaka kumi. Alirithi jina la mama mzazi wa Kinyozi, ndiyo maana tangu azaliwe baba yake alimwita mama, na watu wengine wote, mpaka mwalimu wake wa darasa, wakamwita Bibi. Alikuwa mwembamba kama ufito, hodari wa hesabu, mwepesi wa kujibu kabla swali halijaisha. Alikuwa pia na selimundu. Daktari aliwaeleza mapema kwamba chembe za damu yake hujikunja kama mundu na kunasa kwenye mishipa, na zikinasa mwili huuma kama unavunjwa vipande. Hali hiyo ilimshika mara nne au tano kwa mwaka. Siku hizo shughuli zote zilisimama ndani ya vile vyumba vyao viwili: maji ya uvuguvugu kwenye beseni, blanketi, vidonge vya maumivu, na mama yake akimkanda miguu huku akimsimulia habari za wapangaji wenzao ili asizimie kwa uchungu.

Mama Bibi alifanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja wa barabara kuu. Alisimama kutwa, na jioni alirudi na harufu ya nguo safi na vifundo vya miguu vimevimba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini akisema jambo ilibidi ulisikilize, maana hakuwa na mazoea ya kulirudia.

Kampuni ambayo Kinyozi aliitumikia miaka yote hiyo ilikuwa ya mzee mmoja mwenye malori saba. Mzee akafa. Wanawe hawakutaka habari za grisi na matairi, wakauza malori yote katika muda wa mwezi mmoja. Kinyozi alikabidhi funguo, akapewa barua ya shukrani yenye muhuri, akarudi nyumbani amekumbatia godoro lake la kwenye lori. Mpangaji mmoja alipomwona akiingia uani na lile godoro akamuuliza kama anahama. Akajibu kwamba ndiyo, anahamia nyumbani kwake. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini alipofika ndani alikaa juu ya godoro lenyewe, akashika tama mpaka Bibi alipotoka shule.

Dereva mwenye leseni safi na miaka kumi na tisa barabarani hakosi pa kugonga hodi. Kampuni mbili zilikuwa tayari kumchukua. Ya kwanza ilisafirisha saruji kutoka kiwandani hadi kwenye maghala ya mji na miji ya jirani. Dereva alitoka alfajiri na kulala kwake kila siku. Ya pili ilikuwa kubwa, yenye malori ya bluu yanayovuka mipaka, na dereva wake angeweza kukaa safarini wiki tatu, tano, hata zaidi. Mama Bibi alitaka ile ya saruji na hakuficha. Kinyozi alisema kwanza awaulize wanaozitumikia, yaani madereva, kwa kuwa wenye mali husema wanayotaka yasikike.

Basi akawa anakwenda kila asubuhi kwenye maegesho ya malori nje kidogo ya mji, uwanja mkubwa wenye ardhi nyeusi kwa mafuta, mafundi wa kuchomea vyuma upande mmoja na wauza chai upande wa pili. Aliuliza wiki nzima. Kila aliyemuuliza alikuwa na kampuni iliyomharibia maisha na nyingine iliyomwokoa, na mara nyingi ile iliyomwokoa huyu ndiyo iliyomharibia yule. Mmoja alisema malori ya bluu ni mapya, ukilala ndani unajihisi uko hotelini. Mwingine akasema ni kweli, ni hoteli, ila funguo za mlango anazo mtu mwingine. Mmoja aliisifia ile ya saruji kwa nguvu sana, na baadaye Kinyozi akaja kujua kwamba ana chake kwa kila dereva anayempeleka pale. Mwingine aliitukana kwa nguvu zilezile, kumbe alifukuzwa kwa kunyonya dizeli kwenye tangi na kuiuza. Kinyozi alirudi nyumbani kichwa kimejaa kama gunia na hana la kushika.

Ni mkewe aliyemsaidia. Alikuwa anakunja nguo za Bibi, hakuinua hata uso.

"Unawauliza kama kampuni ni nzuri. Nzuri kwa nani? Mwulize kila mmoja, mara ya mwisho alipopata shida nyumbani kwake, kampuni ilimfanyia nini. Hapo hawezi kupiga siasa."

Kinyozi akaona ni neno. Kuanzia siku hiyo akaacha kuuliza habari za malori na mishahara, akawa anauliza hilo tu.

Wa kwanza hakuwa mbali. Alikuwa jirani yao wa chumba cha nne, dereva wa saruji, ambaye wote walimwita Mweupe kwa sababu alikuwa mweusi tititi lakini kila jioni alirudi amepauka vumbi kutoka nywele hadi kope. Mweupe alimwambia kwamba mkewe alipopasuliwa, bosi wake alimwambia aende tu. Alikaa hospitali siku tatu, na aliporudi akakuta lori lake lipo na hakuna aliyemnunia. Kisha akaenda kuoga.

Wa pili alikuwa muuza taa wa pale maegeshoni, mtu aliyetembelea magongo na kuuza balbu na fyuzi juu ya meza ndogo. Zamani naye aliendesha lori la saruji, kampuni ileile, bosi yuleyule. Malori yao ni makuukuu, alisema, na matairi ni yaliyokwisha, ya kuvalishwa mpira upya. Siku moja breki zilimkatalia kwenye mteremko, na alipozinduka mguu haukuwepo, na watu wawili waliokuwa kando ya barabara walikuwa wamekufa. Alikaa mahabusu miezi kumi na minne. Kampuni haikumtuma hata mtu wa kumletea sabuni. Muuza taa hakusema kwa hasira. Alisema huku anafuta balbu kwa kitambaa, akiziweka moja moja kwenye boksi. Kisha akaongeza kwamba Mweupe si mwongo. Ukiwa mzima na gari zima, yule bosi ni mtu mwema kabisa.

Kuhusu malori ya bluu, Kinyozi alikuwa na shahidi wa nyumbani. Shemeji yake, mdogo wake Mama Bibi, aliendesha huko mwaka wa sita. Shemeji alikumbusha jambo ambalo wote walilijua: mama yao alipofariki, yeye alikuwa nchi ya pili na mzigo mgongoni. Kampuni ilimtuma dereva mwingine akapokee lori, ikampandisha yeye basi, akawahi mazishi. Mama Bibi alikuwa pale, alimwona mdogo wake akishuka basi na viatu vya safari. Hilo halikuwa na ubishi.

Lakini palikuwa na Mrefu. Mrefu aliacha malori ya bluu mwaka uleule wa mazishi hayo, na sasa alikuwa anaendesha basi la wanafunzi, amejikunja nyuma ya usukani kama panzi kwenye kiberiti. Alipoulizwa lile swali alizima injini. Halafu akasema nyumba yake iliungua na kila kilichokuwemo, watoto wakalala kwa majirani, naye alipoomba kurudi aliambiwa amalize safari kwanza. Alimaliza siku ya ishirini na sita. Siku ya ishirini na saba akaacha kazi.

Kampuni moja, mwaka mmoja, majibu mawili kama maji na mafuta. Kinyozi alilala na hilo siku kadhaa, mwishowe akarudi kwa Mrefu kumuuliza nani alikuwa anampangia safari. Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Kampuni ilikuwa na ofisi mbili za kupanga safari. Ya Mrefu ilikuwa chini ya jamaa mmoja asiyejua dereva ana nyumba. Ya shemeji ilikuwa chini ya mwanamke wa makamo ambaye madereva walimwita Mama Ratiba. Kinyozi alifurahi kama aliyeokota kitu. Akamwambia mkewe kwamba watu wote walisema kweli, kila mmoja kutoka upande wake, na kwamba yeye sasa anajua upande wa kukaa.

Mama Bibi bado hakutaka. Alisema kupanga safari ni kazi, na mwenye kazi huondoka, lakini umbali hauondoki. Walibishana kwa sauti ya chini siku mbili. Kisha Bibi akashikwa, vibaya kuliko siku zote, akalazwa siku tano. Daktari akawaambia tena habari za kidonge cha kila siku ambacho kingepunguza mashambulio hayo, kidonge walichoshindwa kukinunua kwa miezi miwili mfululizo. Kampuni ya saruji haikuwa na bima ya afya. Malori ya bluu yalikuwa nayo, ya dereva, mke na watoto. Mama Bibi alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa wodi. Waliporudi nyumbani akamfulia mumewe shuka la kwenye lori, na hiyo ndiyo ilikuwa idhini yake.

Mama Ratiba alimpokea kwenye chumba chenye ubao mkubwa uliojaa vikadi vya rangi, kila kadi dereva mmoja. Alivaa miwani yenye kamba, na alimuuliza Kinyozi habari za nyumbani kabla ya kumuuliza habari za barabara. Kinyozi alimweleza habari za Bibi bila kupunguza. Mama Ratiba akaandika kwenye kadi yake maneno mawili, mtoto mgonjwa, akaibandika juu kabisa.

Miezi saba ilikwenda vizuri, na haifai kuipunja miezi hiyo. Bibi alimeza kidonge chake kila asubuhi akikunja uso. Alishikwa mara moja tu katika muda wote huo, tena kwa wepesi. Aliongezeka kilo tatu. Alishika nafasi ya pili darasani na kununa wiki nzima kwa kukosa ya kwanza. Mara moja Kinyozi alikuwa ameshatoka mjini na mzigo, Mama Ratiba akampigia simu kwamba mtoto ana homa, ageuze, atampa mtu mwingine. Ilikuwa mafua tu. Mama Bibi alianza kucheka tena mambo madogo, na siku moja alimwambia mdogo wake kwa simu kwamba kweli alimpa mumewe ushauri mzuri.

Mwezi wa nane kampuni iliunganisha zile ofisi mbili. Mama Ratiba aliagwa kwa soda na keki, ubao ukatolewa, akaletwa msimamizi mpya mwenye kompyuta. Kinyozi alipata habari hizo barabarani, kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Alimkumbuka Mrefu na siku zake ishirini na sita. Aliporudi walikaa na mkewe kuzungumza. Kuacha kazi kulikuwa ni kuacha bima, na kuacha bima kulikuwa ni kuacha kidonge. Walikiangalia kile kichupa juu ya kabati, hakuna aliyemaliza sentensi. Kinyozi akaondoka tena siku ya tatu.

Safari hiyo alibeba vigae vya bafuni. Mpakani alikuta foleni ya malori inayopita upeo wa macho, karatasi za forodha zimekwama, na watu wameshaanika nguo kwenye vioo vya pembeni. Siku ya tisa, saa moja kasorobo asubuhi, alikuwa anapiga mswaki kando ya tairi simu ilipolia. Alikuwa mkewe. Alisema Bibi ameamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelala, anataka kuongea na maneno hayatoki. Alisema wako njiani kwenda hospitali. Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inanguruma, na Kinyozi, ambaye alizijua injini kwa sauti, alitambua kwamba ni lori.

Lilikuwa lori la Mweupe. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenda kiwandani Mama Bibi alipotoka mbio uani amembeba mtoto. Mweupe hakuuliza kitu. Alifungua tela pale pale barabarani, akaliacha limeziba njia ya watu, akawapakia wote wawili kwenye kichwa cha lori na kupiga honi mpaka lango la hospitali.

Kinyozi alimpigia simu msimamizi mpya. Alijieleza mara ya kwanza haraka mno, ikabidi aanze upya. Alisema mtoto wake amepata kiharusi, alisema ilishaandikwa kwamba ana mtoto mgonjwa. Msimamizi alisikika akibonyeza vitufe.

"Humu sina kitu kama hicho," alisema. "Dereva wa kukupokea atapatikana kama baada ya siku nne. Ukishuka kabla ya hapo nitaandika kwamba gari limetelekezwa na mzigo wa mteja. Unajua linalofuata."

Kinyozi alijua. Linalofuata ni polisi, na kabla ya polisi ni barua ya kufukuzwa, na barua ikitoka asubuhi bima hukatika jioni. Madereva wa jirani kwenye foleni walikuwa wameshakusanyika. Mmoja, mtu mzima asiyemfahamu kabisa, alijitolea kulisogeza lori la Kinyozi hadi vizuizi vifunguke, ili Kinyozi apande basi aende. Alisema atabeba lawama zote, yeye hana mtoto. Kinyozi alichukua begi lake. Alifunga mlango. Alikuwa amesimama na ufunguo mkononi mkewe alipopiga tena.

Walikuwa wameshapokelewa. Bibi alikuwa amewekewa damu na mashine, na hospitali ilikuwa imeuliza nani anagharamia, naye alitoa kadi ya bima. Kinyozi alimwambia kwamba anashuka, anakuja. Upande wa pili zikasikika ndala za watu kwenye korido.

"Usishuke," alisema Mama Bibi. "Kadi ndiyo inamweka kitandani. Ukishuka watamtoa. Kaa hapohapo, Baba Bibi."

Akakaa. Yule mtu mzima alimpokonya begi taratibu, akalirudisha ndani ya lori kama anayemvua mgonjwa kiatu.

Siku nne zile Kinyozi hakula kitu cha maana. Aliosha lori lote, tela na yote, kwa maji ya ndoo. Alimpigia mkewe kila saa mpaka mkewe akamwomba apunguze, chaji inaisha na hana pa kuchomeka. Siku ya nne karatasi zilitoka. Msimamizi akapiga simu kwa sauti nzuri kabisa na kumwambia kwamba kwa kuwa njia imefunguka, hakuna haja tena ya kumtuma mtu, amalizie tu. Kinyozi akamaliza. Alifikisha vigae vyote, hakikuvunjika hata kimoja. Mwenye duka alimsifu kwa hilo. Alirudi na tela tupu, akipita kila mji anajiambia umepungua mmoja tena, na siku ya kumi na mbili tangu ile simu aliingia wodini.

Bibi alikuwa amelala. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, kiganja kikitazama juu kama cha mtu anayesubiri kupewa kitu. Alipoamka alimtazama baba yake muda mrefu, midomo ikajaribu, ikatoka sauti moja tu isiyo neno. Akakasirika, akageuzia uso ukutani. Kinyozi alisema, "Mimi hapa, mama," akalirudia.

Daktari alimwambia nje, mlangoni, kwamba kwa watoto wa selimundu jambo hilo hutokea, hata kwa wanaomeza vidonge vyao. Alisema aliyemleta aliwahi. Wangechelewa saa moja zaidi wasingekuwa na mtoto wa kuzungumzia. Kinyozi aliuliza kama yeye kuwepo kungebadilisha lolote. Daktari alisema hapana. Jibu hilo lilipaswa kumpa nafuu, na ajabu ni kwamba halikumpa.

Jioni alikwenda kumshukuru Mweupe. Alimkuta bombani anajimwagia maji, vumbi likiteremka kwa michirizi. Kinyozi alitaka kujua kama alipata matatizo kazini kwa kuacha tela njiani na kuchukua kichwa bila ruhusa. Mweupe alisema bosi aliuliza tu mtoto anaendeleaje, halafu akamtafutia mtu wa kulisogeza tela. Kinyozi akajibu kwamba hilo ni jambo jema. Aliingia ndani, akakaa gizani bila kuwasha taa.

Mtu angeweza kusema hapo kwamba alichagua vibaya, na kwa wiki mbili Kinyozi alijiambia hivyo kila alipofumba macho. Kisha mwezi huohuo lori jingine la saruji likakatikiwa breki kwenye ule mteremko uliomkata mguu muuza taa. Dereva alitoka mzima na kupelekwa mahabusu, na mkewe alionekana pale maegeshoni akiwauliza watu kama wanamjua wakili. Basi hata pa kuegemeza majuto yake Kinyozi akapakosa.

Bibi alitoka hospitali baada ya siku thelathini na moja. Mguu ulirudi kwa kuchechemea. Mkono haukurudi. Maneno yalirudi machache, mazito, yakitoka moja moja kama mtu anayevua viatu vya kubana, na yeye aliyekuwa akijibu kabla swali halijaisha sasa alitikisa kichwa tu ili asichekwe. Shemeji alikuja na mfuko wa matunda. Mama Bibi alimkaribisha, akamwekea kiti, akaenda kusimama uani mpaka alipoondoka. Shemeji alimuuliza Kinyozi kosa lake ni lipi, si alisema ukweli? Kinyozi alimjibu kwamba alisema ukweli. Walisindikizana hadi barabarani.

Kinyozi aliendelea kuendesha malori ya bluu, maana sasa Bibi alihitaji kuongezewa damu kila mwezi na kadi ndiyo iliyolipa. Lakini aliandika barua kuomba kazi ya uani, ile ya kuyapanga malori ndani ya ua wa kampuni, kuyaingiza kwa fundi na kuyatoa, kazi inayopewa madereva waliochoka macho. Barua ya kwanza haikujibiwa, wala ya pili. Ya tatu aliipeleka mwenyewe kwa mkono, akasimama mbele ya meza ya yule msimamizi mpaka aliposoma. Msimamizi alisema mshahara wake ni nusu. Kinyozi alisema bima je. Bima ni ileile. Akasaini palepale, amesimama.

Hakuvuka tena lango la ua ule na lori. Madereva walimtania kwamba amekuwa dereva wa mita mia mbili. Wageni wa kazi walimfuata kumuuliza kampuni ikoje, naye alikuwa anawaambia waulize na wengine. Saa kumi na mbili jioni alikuwa nyumbani, akimfanyisha Bibi mazoezi ya mkono kama alivyoelekezwa hospitali, vidole kimoja kimoja, mara ishirini, huku Bibi akitazama pembeni.

Na mkewe hawakugombana. Hilo ndilo lililomtisha. Waliongea habari za chumvi na sabuni, za siku ya kliniki, za mpangaji aliyehama. Mama Bibi alimwekea chakula, akamwekea maji ya kuoga, akalala amegeukia upande wa mtoto. Ilipita miezi mitano hivyo. Kinyozi alikuwa na neno moja alilolizuia kooni kila siku, na aliamini ni bora afe nalo kuliko kulitoa, kwa sababu likitoka litamwangukia mwanamke ambaye tayari hana pa kuongezea mzigo.

Jumapili moja mchana, Mama Bibi alikuwa anapiga pasi sare za Bibi. Alisimamisha pasi wima na kuizima.

"Ni mimi niliyekwambia usishuke," alisema.

Kinyozi alikuwa mlangoni anasukuma kokoto kwa kidole cha mguu. Hakugeuka.

"Najua."

"Hujawahi kunitajia. Hata siku moja. Nangoja unitajie, nipate kukujibu, na wewe umekaa kimya kama aliyefanya peke yake."

"Nilikuwa na ufunguo mkononi," alisema Kinyozi. "Ningeweza kuondoka. Nilifurahi uliponiambia nikae. Kidogo, lakini nilifurahi. Hilo ndilo sijakwambia."

Mama Bibi alikaa juu ya kitanda, mkono ukiwa bado umeshika sare yenye joto. Alilia bila kuficha uso, kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi, na Kinyozi akaja kukaa kando yake, si karibu sana. Hawakushikana. Baada ya muda Kinyozi akamuuliza kama amekula. Akasema bado. Kutoka chumba cha pili Bibi aliita, sauti nzito, akahangaika na neno, akaliacha, akajaribu tena. Alikuwa anataka maji. Wote wawili wakanyanyuka kwa wakati mmoja.